Gari la Mtaliano na Vyuma vya Mwenyewe

Fundi hakuyaamini macho. Aliamini sikio lake la kulia na bisibisi. Ukimpelekea gari linalokohoa, hakukimbilia kulegeza nati kama mafundi wengine wa Bwera. Alikuambia uwashe tu. Kisha alichukua bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mti, akaweka ncha juu ya injini na mpini sikioni, akafumba macho, akabaki ameinama hivyo mpaka wewe uliyesimama ndiwe uumwe na mgongo. Wenye haraka waliudhika. Siku moja dereva wa lori la samaki alimuuliza mbele yangu kama yeye ni fundi ama ni daktari.

"Nyamaza kwanza," Fundi akamwambia bila kufumbua macho. "Iko nasema, na wewe uko nasema. Nisikie nani?"

Mimi nilihamia Bwera miaka ya elfu mbili na kumi ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, nikiwa karani wa wakala wa forodha pale mpakani. Baba yangu ni Mkenya aliyekuja Kasese kutafuta kazi kwenye kiwanda cha simenti akasahau kurudi kwao, na Fundi alipolijua hilo, jina nililobatizwa nalo likaisha kazi. Nikawa "binti ya simenti" mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kukagua namba: gari likitaka kuvuka kwenda Kongo, nainama, nasoma namba ya chesisi, nasoma namba ya injini, nalinganisha na karatasi. Niliweza kunusa kibao kilichobandikwa upya. Nilijivunia sana jicho langu, na nitasema mbele lilinifikisha wapi.

Kilichonivuta gerejini kwake kwa mara ya kwanza hakikuwa pikipiki yangu, ingawa ndiyo niliyoisingizia. Ilikuwa lile gari. Lilikaa nyuma ya gereji chini ya paa lake peke yake, mabati mapya kuliko ya nyumba ya Fundi mwenyewe. Lilikuwa fupi, la milango miwili, taa za duara, limelala chini hivi kwamba kuku waliliruka bila kujisumbua. Zamani lilikuwa jekundu. Nilipolikuta lilikuwa limefifia rangi ya tofali. Jua la jioni likilipiga ubavuni, chini ya rangi ya mlango uliona namba inajitokeza: arobaini na sita.

"Ni lako, mzee?" niliuliza.

"Iko ya Patron. Mimi niko nachunga tu."

Patron, yaani tajiri wake, alikuwa Mtaliano, mtu wa kahawa ng'ambo ya mpaka, upande wa Butembo. Vita vilipoanza kule, alivuka na gari lake, akaliacha kwa Fundi kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo zilizokuwa zimefika kama miaka kumi na mitano nilipofika mimi.

Habari za gari lile nilizipata kwa kijiko, maana Fundi hakuwa mtu wa kumimina. Jumamosi hii anakupa kipande, mwezi ujao anakupa kingine, na ukiuliza sana anakupa spana umshikie. Niliunganisha hivi. Kwao Italia lilikuwa gari la mashindano, na mashindano yenyewe hayakukimbiwa uwanjani. Yalikimbiwa kwenye barabara hizi hizi za watu, katikati ya vijiji, kona juu ya kona kupanda milima, na wenyeji wametoa viti nje ya milango wanatazama. Magari yaliachiwa moja moja, kila moja na dakika yake.

"Sawa na kupanda mlima ya Mahango," Fundi alinieleza, "lakini na lami. Na mutu anapanda kama ameiba."

Patron alilinunua kwa dereva aliyelikimbiza huko, akalileta kwa meli hadi Mombasa, na kutoka hapo likaja kwa treni likashushwa Kasese, enzi zile treni ilipokuwa inafika. Hakulileta kulipamba. Aliliingiza kwenye mashindano ya huku, ya vumbi na matope na ng'ombe wasiojua sheria, na Fundi akawa anamfuata nyuma na pikapu iliyojaa vipuri. Aliwahi kubadilisha klachi kando ya njia huko Karusandara, mvua inanyesha, amelalia majani ya migomba, na akamaliza kabla Patron hajamaliza muhindi wake wa kuchoma. Hilo alilisimulia mara tatu, na mara zote muhindi ulikuwa mmoja, kwa hiyo nikaliamini.

Bawa la mbele, lile bati la juu ya gurudumu, upande wa kushoto lilikuwa na bonde la kutoshea kichwa cha mtoto. Nilimuuliza kwa nini fundi hodari kama yeye halinyooshi. Akasema ni ngiri aliyekatiza njia karibu na njia ya kwenda Mweya, usiku wa mashindano. "Ile ngiri iliandika jina yake. Mimi nifute kwa nini?"

Bwera nzima iliamini gari lile lilikuwa bingwa. Ukimuuliza Fundi kama lilishinda, alikuwa na jibu moja tu: "Ilimaliza." Ukimbana, aliongeza kwamba mengi yaliyolipita mbio yalilala njiani, na yeye mwenyewe aliyapita na pikapu akawapungia mkono wenyewe.

Sasa ajabu ya mtu huyo. Fundi wa gari la mashindano aliogopa mwendo. Hakupanda boda boda kamwe. Alitembea kwa miguu kutoka kwake hadi gerejini, hadi kanisani, hadi sokoni Mpondwe, na ukimsimamishia pikipiki kwa huruma alikupungia upite kama anayefukuza nzi. Magari ya wateja aliyajaribu kwa kuwakalisha wenyewe kwenye usukani, yeye akitembea kando na bisibisi. Wenye mdomo walisema hajui kuendesha. Nami nilicheka nao, sikatai.

Kila Jumamosi asubuhi alilivua gari turubai, akafungua kifuniko, akaliwasha. Liliunguruma kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akalizima, akalifunika. Hiyo ndiyo amri aliyoachiwa: liwashwe, lisiendeshwe. Niliizoea ibada hiyo nikawa naenda na kikombe changu. Kwangu ilikuwa raha, kwa sababu nilipenda kumtazama mtu anayetimiza neno ambalo aliyelisema huenda amelisahau.

Kuna desturi ya mafundi wa kwetu ambayo wasomaji wa mijini labda hawaijui. Fundi akikutilia kipuri kipya, anakurudishia kile kibovu mkononi, ili ujue kwamba amebadilisha kweli. Wengi wanafanya hivyo wakikumbuka. Huyu alifanya bila kukosa hata mara moja, tena alikifunga kipuri kwenye gazeti kama nyama ya buchani na kuandika juu kwa penseli jina la mwenyewe na siku. Aliponibadilishia plagi ya pikipiki, alinipa ile ya zamani imefungwa hivyo. Nikacheka. "Mzee, takataka hii niipeleke wapi?" Nikaitupa mtaroni mbele ya macho yake, nikapiga teke la kuwashia, nikaondoka. Nilikuwa kijana, na pikipiki ilikuwa imepona.

Na kwenye kona ya gereji yalikuwepo masanduku manne ya bati, yamefungwa kwa kufuli, na kando yake kitu kizito chini ya gunia. Nilikufa na hamu ya kujua kilichomo. Wanunuzi wa chuma chakavu walipokuwa wakipita na lori, wakinyanyua hata sufuria zilizotoboka, waliyagonga masanduku yale kwa vidole na kumbembeleza. Aliwajibu neno moja: "Iko na mwenyewe." Nilimuuliza mimi, akanijibu hivyo hivyo. Na mimi sikuiunganisha hata kidogo desturi ya gazeti na masanduku yale, ingawa vyote viwili vilikuwa mbele ya pua yangu.

Jumamosi moja aliitwa barabarani katikati ya ibada yake, akaacha kifuniko wazi. Nikainama. Kazi imenizoeza, nikiona injini nainama. Nikatafuta namba nikaipata, na kibao nilichokiona hakikuwa cha Kitaliano. Ilikuwa injini ya Kijapani, ya gari la kawaida kabisa la abiria, kama mia ninazozikagua kwa mwezi.

Kumuuliza kungechukua dakika moja. Sikumuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama anayetuuzia chai pale njia panda, nikaketi, nikatangaza: "Jamani, lile gari la Mtaliano lina moyo wa Mjapani!" Wakacheka. Nami nikafurahi kwamba wamecheka. Ulimi hauna mfupa. Kufika Jumatatu kicheko kilikuwa kimeota meno: Fundi ameuza injini ya Mtaliano huko Beni, ng'ambo. Kufika Ijumaa yale mabati mapya yalikuwa yamejulikana yametoka wapi. "Lisemwalo lipo," walisema watu ambao hawajafunua injini tangu wazaliwe.

Mtu aliyempa Fundi kazi nyingi alikuwa Haji mmoja mwenye malori ya kwenda Kongo. Alikuja mwenyewe gerejini, kwa adabu, nami nilikuwepo.

"Mzee, mimi sina neno na wewe," Haji akasema. "Lakini watu banaongea. Uliuza?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Injini ya Patron haiko ndani ya gari. Hiyo ni kweli."

"Basi?"

"Basi ni hiyo."

Haji akaaga kwa adabu ile ile. Malori yake yakaanza kutengenezewa Kasese, na mengine yakayafuata. Zilipita wiki ambazo nikipita gerejini namkuta amekaa peke yake na bisibisi mapajani, hana cha kusikiliza ila lile gari la Jumamosi. Mimi nikajiambia: mtu asiye na kosa angejitetea. Nikaacha kwenda na kikombe changu.

Karibu mwaka ulipita. Halafu, kiangazi, akaingia ofisini kwetu mama mmoja wa Butembo, mtu mzima, rangi yake ya maji ya kunde na nywele zake zikionyesha damu mbili. Alifuatana na Mtaliano mfupi mwenye kurunzi na faili. Alikuwa binti wa Patron. Baba yake alikuwa amefia kwao Italia, na mpaka siku za mwisho alikuwa anazungumzia gari. Yule mwanamume mfupi alikuwa mjuzi wa magari ya zamani. Alisema kwamba kama namba zikikubali, gari hilo ni lile lile lililokimbia milimani miaka hiyo, na kwao watu wangelipokea kama mtu aliyerudi kutoka vitani. Mama alitaka wakala wa kumwandalia karatasi.

Nikamshauri kwa nia njema kabisa. "Mama, kabla ya karatasi, nenda na polisi. Injini ilishauzwa."

Kwa hiyo tulikwenda watu wanne: mama, mjuzi wake, askari mmoja na mimi. Njia panda yote ikatufuata na vikombe mkononi. Mjuzi aliinama na kurunzi, akainuka, akamwambia mama neno moja la Kitaliano. Sote tulilielewa.

"Papa," mama akamwuliza Fundi, "moteur, injini ya papa yangu, iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi? Sema haraka, mzee!" askari akafoka. Pingu zake zilikuwa kiunoni, na mkono wake ulikuwa umezigusa tayari.

"Ngoja, afande." Fundi alimtazama mama usoni kwa muda. "Uko mutoto ya Patron kweli? Alikuwa naita hii gari nani?"

Mama akashangaa, kisha uso ukalegea. "Bibi," akasema. "Alikuwa naita Bibi. Juu ya vile inaamka polepole."

Fundi akatoa ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Akafungua sanduku la kwanza. Lilikuwa limejaa magazeti.

Kila kipuri alichokitoa kwenye gari lile kwa miaka yote hiyo kilikuwemo. Gasketi iliyopasuka, na maandishi ya penseli kwamba badala yake alikata nyingine kwa mkono. Springi iliyokatika. Vioo vya taa, vipande vyake vyote. Mpira wa pampu uliokuwa umegeuka unga, naye amekusanya unga wenyewe. Juu ya kila gazeti ameandika neno moja, "Patron", na siku. Mjuzi alianza kufungua upesi upesi, kisha polepole, na kwenye sanduku la tatu alikuwa ameketi sakafuni kwenye grisi na suruali yake safi. Mwisho Fundi akavuta lile gunia. Chini yake ulikuwa mwili mzima wa injini, umepakwa mafuta usishike kutu, na ubavuni una tundu la kuingiza ngumi.

Mjuzi akaipangusa namba kwa mafuta ya taa. Mimi ndiye niliyeshikilia karatasi ya faili lake. Alisoma tarakimu moja moja nami nikafuatisha kwa kidole, kazi ninayoifanya kila siku. Zilikubali zote. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Lakini Fundi hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya yule mama.

"Hii tundu ni mimi," akasema. "Patron aliniambia: washa, usiendeshe. Mimi niliendesha."

Akaeleza, kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia yakitoka kwake kwa siku moja. Ilikuwa siku ya soko, wakati ule watu wa bunduki waliposhuka milimani na Bwera ikakimbia yote. Gerejini kwake walijificha akina mama wanne kutoka ng'ambo waliokuja kuuza mihogo, wawili na watoto mgongoni. Hapakuwa na gari jingine lililobaki. Akawapakia wote ndani ya gari la watu wawili, akashika njia ya Kasese, akaendesha jinsi alivyoona Patron akiendesha, kama ameiba. Mafuta ya injini yalikuwa machache naye alijua, lakini hapakuwa na nafasi ya kusimama. Walipofika Kikorongo, njiani, injini ikapasuka. Akina mama wakapanda lori la jeshi, akasikia walifika Kasese salama, ila hakuwaona tena. Gari akalirudisha baadaye kwa kuvutwa, akalitilia injini ya Mjapani ili Jumamosi iendelee kuwa Jumamosi. Tangu siku hiyo hakushika usukani.

"Watu wakisema niliharibu mali ya Patron," akamaliza. "Kweli niliharibu. Ningesema nini?"

Mama wa Butembo akalipapasa lile tundu kwa vidole.

"Papa, hao bamama walipona?"

"Walipona."

"Na batoto?"

"Bote."

"Basi ilimaliza, papa," akasema. "Bibi ilimaliza."

Fundi akageuka akatazama ukuta, na sisi tukapata ustaarabu wa kutomtazama. Askari alijikuna shingo, akauliza kama chai ya njia panda bado ipo.

Karatasi za kulivusha gari niliziandika mimi, na katika nafasi ya namba ya injini niliandika namba mbili. Liliondoka na masanduku yake manne. Haji alirudi na malori yake bila kusema kitu, na Fundi akampokea bila kusema kitu, ila alimweka nyuma kwenye foleni kama mteja mgeni. Mimi sikurudi. Nilijua deni langu ni neno moja tu, na neno hilo lilinishinda kulibeba. Nikawa nazunguka njia ya juu ili nisipite gerejini.

Nilimwendea mwaka ule wa Ebola ng'ambo, tulipokuwa tunaosha mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto kila tukikanyaga mpakani, na hakuna aliyempa mwenzake mkono. Yule mama wa Butembo alikuwa amenitumia video kwa simu ili nimfikishie Fundi. Sasa sikuwa na kisingizio.

Nilimkuta ameketi chini ya lile paa la peke yake, mahali pa gari pakiwa patupu, amesafisha sakafu. Alikuwa amekonda. Nilisimama mbali hatua mbili, kama tulivyoagizwa.

"Binti ya simenti," akasema. "Ulipotea."

Nikaiweka simu juu ya benchi nikaiwasha. Ilikuwa barabara ya mlimani, nyembamba, watu wameketi nje ya milango yao, na gari jekundu linapanda. Injini yake ya kwanza ilikuwa imezibwa tundu na kurudishwa mahali pake. Namba arobaini na sita ilikuwa wazi ubavuni, na kwenye bawa la kushoto lile bonde la ngiri lipo, hawakulinyoosha. Fundi hakutazama. Alinyanyua simu akaiweka kwenye sikio la kulia, akafumba macho. Video ikaisha, akaniomba niirudie. Ikaisha tena.

"Silinda ya tatu," akasema. "Valvu imelegea kidogo. Uwaambie."

Nikamwahidi. Kisha nikalitoa lile neno nililodaiwa, kabla ujasiri haujakimbia. "Mzee, lile neno la injini, lililokufukuzia wateja. Ni mimi niliyelisema. Kwa mama wa chai. Nisamehe."

"Najua. Sikio niko nayo."

Akainuka kwa shida, akaenda kwenye rafu ya ndani, akapekua, akarudi na kifurushi kidogo cha gazeti lililogeuka manjano. Hakunipa mkononi. Alikiweka juu ya benchi, akarudi nyuma hatua mbili, nami nikasogea nikakichukua. Juu yake, kwa penseli, palikuwa na jina langu, lile la ubatizo, ambalo sikujua kama analijua, na siku ya mwaka wangu wa kwanza Bwera. Nikafungua. Ilikuwa plagi ya pikipiki, imefutwa tope lote la mtaroni.

"Ulisahau kitu yako," akasema.

Jioni nikirudi ofisini nilipita kituo cha kupimwa. Binti mmoja wa afya alinipima joto, akaona nimekumbatia kitu kifuani, akauliza ni nini hicho. Nikamwonyesha. Akasema mbona ni kibovu, si nikitupe tu kwenye pipa pale.

Nikamwambia hapana, ni yangu.